Sakafu ya Ijumaa

Nimejaribu kumsamehe Mlinzi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Ramadhani, nikaona si vizuri kufunga huku moyo umejaa kinyongo. Mara ya pili nilikuwa na homa, na mgonjwa huwa mwepesi wa kusamehe. Mara zote mbili msamaha wangu ulidumu mpaka siku nilipopita mbele ya nyumba moja kule Laeken, mtaa mmoja wa jiji hili la Ubelgiji, ghorofa ya pili, madirisha mawili yanayotazama barabara. Nilitazama juu, nikaona mapazia ya watu wengine, nikaanza upya.

Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Sisi tuliokaa naye meza moja tulimwita Mlinzi akiwa hayupo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Akiwepo wenzangu walimwita Papa, na mimi nilimwita Mzee, kwa mazoea ya Tanga. Alizaliwa wapi hasa na baba yake alikuwa nani, hayo waulizeni wengine. Mimi najua alitoka Bukavu, najua aliwahi kufundisha hesabu huko, na najua alikaa miaka mingi kwenye kiti kimoja katika mapokezi ya jengo la ofisi, mtaa wa taasisi za Ulaya, dakika tano kwa miguu kutoka metro ya Schuman. Jengo hilo mimi nilikuwa nalipiga deki, ghorofa ya tatu mpaka ya sita.

Kila siku alitaka kuona beji yangu. Miaka mitatu nimepita mbele yake, anajua viatu vyangu, anajua kikohozi changu, lakini beji lazima aishike, aisogeze karibu na pua yake, aigeuze, anirudishie. Wazungu wenye suti aliwapungia mkono tu. Nilikasirika sana mwanzoni, nikasema moyoni, huyu naye, mweusi mwenzangu, ananifanyia hivi. Siku nilipomwambia, alinijibu, "Bale nikibasimamisha, banaandika barua. Weye nikikusimamisha, unanuna tu." Akacheka. Hivyo ndivyo alivyokuwa: akikuonea, alikueleza sababu yake bila haya, na wewe ukajikuta unacheka naye.

Ijumaa alasiri jengo lile huwa tupu. Wakubwa wanaondoka mapema na masanduku yao ya magurudumu, na baada ya saa tisa unabaki wewe na mashine ya kahawa. Ilikuwa Ijumaa ya namna hiyo nilipomkuta na daftari la miraba, simu ameiegemeza kwenye kikombe, ananakili namba kwa kalamu ya risasi. Nikamuuliza kama anacheza bahati nasibu. Alininunia wiki mbili nzima. Ya tatu aliniita mwenyewe.

"Loterie ni ya batu hawapendi kuhesabu," aliniambia. "Weka ile ndoo, kaa. Angalia. Hisa ya hii kampani leo iko septante-trois, sabini na tatu. Sasa, kuko batu banaogopa ishuke. Banaenda kununua assurance: bei ikipita chini ya septante, sabini kamili, muntu fulani atabalipa. Hapa banaandika assurance ngapi ziko wazi pa septante. Kama ni mingi, mingi sana, bale baliuziaka batu ile assurance ni benye feza, na hawapendi kulipa. Bei ikikaribia pale, batajikaza isipite. Ile njo sakafu."

"Na dari?"

"Dari ni vilevile, lakini juu. Batu baliuza haki ya kununua pa quatre-vingts, themanini. Bei ikifika karibu na pale, banaanza kuuza, inarudi. Donc weye unanunua karibu na sakafu, unauza karibu na dari. Katikati unakunywa chai."

Nikamuuliza hao watu wa bima wanailinda sakafu yao mpaka lini. Alinitazama kama mwalimu aliyepata mwanafunzi, na nakiri kwamba mtazamo ule ulinipendeza. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na tangu nifike Ubelgiji hakuna mtu aliyekuwa amenitazama kama mtu mwenye akili.

"Mpaka tarehe ya mwisho ya mukataba. Assurance nayo iko na siku yake ya kufa, na mara mingi ni Ijumaa. Miye nikimaliza zamu, huu mulango unabaki na nani?"

"Na atakayepokea zamu."

"Na kama hakuna mwenye kuya?"

Nikageuka kuutazama mlango.

"Njo vile. Sakafu nayo iko na zamu. Tarehe kwanza, namba nyuma. Ukisahau byote, usisahau hiki."

Maneno hayo ni yake. Nayaandika hapa kama alivyoyasema, ili mtu asije akaniambia kwamba mzee wa watu hakujua. Alijua, tena ni yeye aliyenifundisha.

Kumbe hakunifundisha mimi peke yangu: darasa lake lilikuwa Jumapili saa nane mchana, baada ya misa yake, chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wa Ixelles, uchochoro unaoingia kutoka barabara kubwa wanakopita mabasi. Mgahawa ulikuwa wa Maman Aziza, Mwislamu wa Bujumbura, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyepika mukeke, samaki wa ziwa la kwao, wa kugandishwa na kuapa kwamba umefika jana. Tulikuwa watu saba au wanane: wasafishaji, mtunza wazee mmoja, dereva wa vifurushi, na Kamau, Mkenya aliyekuwa amemaliza masomo ya uhasibu na bado anatafuta kazi inayolingana na tai yake. Mlinzi alikuja na sare ya kazi hata siku ya mapumziko, funguo kiunoni. Kiti chake kilikuwa kile cha dirishani. Tulidhani anakipenda kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu.

Hakuchukua senti ya mtu. Alichotaka ni kichwa cha samaki na kimya. Anachomoa ukurasa aliounakili Ijumaa, wenye safu tatu: bei, idadi ya mikataba, tarehe ya mwisho. Anausoma kwa sauti mara moja, kisha ukurasa unazunguka meza kutoka mkono hadi mkono, kila mtu anautazama, anaupiga picha kwa simu, anampa jirani. Hakuna aliyeruhusiwa kuuruka. Alisema muntu akisoma namba mbele ya wenzake hawezi kuzidanganya. Jumatatu saa tisa na nusu alasiri, soko la Marekani likifunguliwa, mwenye kununua alinunua. Wengi wetu tulinunua hisa mbili tatu, tukauza baada ya wiki, tukapata pesa ya kiatu. Sakafu zake zilishika, si zote, lakini mara nyingi kiasi cha kumfanya mtu aanze kumwamini kuliko anavyoiamini akili yake.

Misemo yake ilikuwa mingi, na mingine bado naisema bila kujua. "Bei haina mujomba." "Usiniambie unaona nini, niambie umehesabu nini." Ukimwambia methali ya pwani alikucheka: "Nyiye ba Tanzania muko na mithali ya kila kintu, lakini hisa, hata moja!" Na yeye mwenyewe, kumbe, alikuwa na hisa moja tu maishani mwake. Moja. Aliinunua zamani ili aone mambo yanavyokwenda, akaiacha hapo. Nilipogundua nilimuuliza mbona anatufundisha biashara asiyoifanya. Akasema aliyewafundisha wanajeshi wa Bukavu kuhesabu risasi hakuwa mwanajeshi. Tulicheka wote. Sasa silioni tena lililotuchekesha.

Hakuna mtu niliyewahi kumjua aliyependa kusahihisha wengine kama yeye, na hakuna aliyechukia kusahihishwa kama yeye. Siku moja Kamau alisema, kwa adabu kabisa, "Mzee, with respect, hiyo number haikuambii who sold na nani alinunua. Labda hao wakubwa ndio wamenunua bima, si kuuza. Hapo bei ikishuka, hakuna mtu ataisukuma juu." Lilikuwa swali zuri. Naambiwa hata wenye ofisi za vioo wanalijadili. Mlinzi aliweka uma chini, akamuuliza Kamau anafanya kazi wapi. Kamau akasema bado anatafuta. "Bon," akasema Mlinzi, "ukipata, uje unifundishe." Kijana wa watu aliinamisha kichwa kwenye sahani yake mpaka mwisho wa chakula. Hakuna aliyemtetea, hata mimi. Tulifurahi kwamba swali limekufa, kwa kuwa tulitaka sakafu iwe sakafu.

Lakini nikimaliza hapo nitakuwa mwongo, kwa hiyo naongeza na hili. Binti yangu, Saumu, nilimwacha Tanga kwa dada yangu akiwa na miaka tisa. Mama yake alikuwa ameolewa kwingine. Sheria ya huku inasema mzazi mwenye karatasi kama zangu anaweza kumleta mtoto, mradi maombi yaingie kabla mtoto hajatimiza miaka kumi na minane, na mradi awe na nyumba ya kumtosha. Mimi nilikuwa na chumba kimoja chenye jiko ndani ya kabati. Barua zote za jambo hilo aliniandikia Mlinzi. Kifaransa changu ni cha sabuni na mifuko ya taka. Chake kilikuwa cha darasani, chenye nukta na mkato. Aliandika barua kwa manispaa, aliandika kwa ofisi ya wageni, aliandika kwa wenye nyumba waliokuwa wakinikatalia wakisikia jina langu kwenye simu. Tarehe ya kuzaliwa ya Saumu aliiandika kwenye jalada la ndani la daftari lake na kuipigia mstari mara mbili. "Hii nayo iko na siku yake ya mwisho," alisema. "Tusicheze nayo."

Siku moja nilimpigia Saumu nikampa simu waongee. Saumu alimwamkia, "Shikamoo babu," na yeye, ambaye kwao hawana shikamoo, alishtuka, akajibu, "Sawa, mutoto, sawa," mara tatu. Alipomaliza alifuta miwani yake muda mrefu. Hapo nilimpenda. Nasema wazi kwamba nilimpenda, kwa sababu kama ningekuwa simpendi, yote haya ningekuwa nimeyasahau.

Miwani. Ningeiangalia miwani ile vizuri, ningejua. Kuanzia mwaka ule wa mwisho wa darasa alianza vijitabia. Kwa Maman Aziza alikuambia, "Soma menyu, tujue kama Kifaransa chako kimepanda," na wewe ukasoma, ukijisifu. Ngazini alitangulia kugusa ukuta. Simu yake aliipanua kwa vidole mpaka namba moja ijaze kioo kizima, kisha akaipoteza ile ya jirani, akarudi, akaguna. Aliwasalimu watu kwa kungoja waanze wao. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tulikuwa tunayatazama maneno yake tu.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Nilikuwa nimepata nyumba. Ndiyo ile ya Laeken, vyumba viwili, mwenye nyumba ni bibi mmoja Mflemishi aliyekubali kwa sababu nilimbebea mifuko yake ya soko mpaka juu. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Dhamana ya miezi miwili nilikuwa nayo. Kilichopungua ni kodi ya mwezi wa kwanza na gharama za maombi ya mtoto. Saumu alikuwa na miaka kumi na saba na miezi saba. Sikumwambia Mlinzi kwamba ninafikiria kuitumia dhamana, kwa kuwa kanuni yake ya pili, baada ya ile ya tarehe, ilikuwa kwamba pesa ya kodi haiingii sokoni. Sikumwambia pia kuhusu kitufe kilichokuwa kwenye programu ya simu yangu, kinachokuruhusu kununua mara tano ya pesa uliyonayo. Kanuni yake ya tatu ilikuwa kutokigusa.

Jumapili ile alichelewa kufika, akakaa dirishani, hakugusa samaki. Alisoma ukurasa wake: hisa ya kampuni moja inayotengeneza vipuri vya mashine, bei septante et un, sabini na moja, na kitu, na chini yake, pale septante, mlima wa mikataba ya bima ambao hatujawahi kuuona. Mkubwa mara nne ya ule wa kawaida. Watu walipiga mbinja.

Kamau, ambaye alikuwa bado anakuja, akauliza toka mwisho wa meza, "Na expiry, Mzee?"

"Mwezi ujao," alisema Mlinzi.

Ukurasa ukazunguka. Ulifika kwangu baada ya mtunza wazee. Niliushika, nikaupiga picha, nikampa Maman Aziza, ambaye kwa kawaida hakutazama, akampa dereva. Nikaenda nyumbani kwa basi nikihesabu vyumba.

Jumatatu saa tisa na nusu nilikuwa kwenye stoo ya vifaa ghorofa ya tano, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilinunua na dhamana yote, mara tano. Bei ilicheza juu ya septante kwa nusu saa hivi. Kisha ikapita. Sikuona mtu akijikaza, sikuona anayeisukuma juu. Ilipita septante kama mtu anavyopita kwenye mlango ulioachwa wazi, ikaendelea kushuka. Nilijiambia itarudi. Jumanne ilifunguliwa chini zaidi, na kabla ya saa kumi jioni programu ilinifungia yenyewe, kwa kanuni zao, nusu ya pesa ikiwa imekwenda. Nusu ya dhamana si dhamana. Bibi Mflemishi alisikitika kweli, aliniandalia na biskuti, na wiki iliyofuata akawapa nyumba watu wengine.

Baadaye nilikaa na simu yangu nikafungua namba zile mwenyewe, tarehe baada ya tarehe, kama alivyonifundisha. Kila tarehe ya mwisho ina ukurasa wake, vijisanduku vidogo juu ya kioo. Na kuna ukurasa mmoja wa jumla, unaochanganya zote, wenye maandishi makubwa. Ule mlima wa septante, karibu wote, ulikuwa wa mikataba iliyokufa Ijumaa ile ile aliyoinakili. Jumamosi haukuwepo tena. Tulinunua Jumatatu kwenye sakafu ya Ijumaa. Yeye alikuwa amenakili jumla, kwa sababu ile ndiyo aliyoweza kuisoma.

Wengine walipoteza pesa ya kiatu, wakalalamika, wakasahau. Mimi nilishuka mapokezi Jumatano, nikasimama mbele yake. Nilitaka aseme neno moja. Aliniomba beji. Nikampa. Aliisogeza puani, akanirudishia, akasema kwa sauti ndogo, "Bei haina mujomba." Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, Mungu ni shahidi. Niliurudisha, nikapanda na ndoo yangu. Darasa halikukutana tena.

Saumu alitimiza kumi na minane mwezi wa kumi. Nilikuwa nimetafuta nyumba nyingine kila mahali, kila jioni, na barua safari hii niliziandika mwenyewe, ndiyo maana labda hazikujibiwa. Siku yenyewe nilimpigia. Alikuwa mpole, mpole kuliko nilivyostahili. "Baba, usijali," aliniambia, "huku kuna joto." Nilicheka naye, kisha nikakata simu na kukaa chini sakafuni.

Mlinzi aliondolewa kazini majira ya baridi. Alimruhusu mtu apite na beji ya jengo jingine, ya rangi nyingine kabisa. Habari nilipewa na Maman Aziza, nilipokwenda mgahawani kumlipa deni la chakula.

"Papa haoni," aliniambia huku akifuta meza. "Sukari imemla macho. Tangu Pasaka ile mimi ndiye namsomea barua zake."

"Pasaka? Kabla ya ile Jumapili?"

"Kabla."

"Na hukutuambia?"

"Aliniapisha. Wewe ungemwambia kampuni yake? Mlinzi asiyeona, nani atamweka mlangoni?" Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa pasafi. "Alisema anazijua namba kwa moyo. Mimi sijui namba. Mimi najua samaki."

Nikaondoka bila kuaga. Kwa hiyo alijua haoni, alijua hakuona tarehe, na aliulizwa mbele ya watu, akasema mwezi ujao. Kwa ajili ya kiti cha dirishani na kichwa cha samaki. Kwa ajili ya kuitwa Papa na watu wanane. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na nimeitembeza kifuani miaka mitatu, nikiinoa kila nikipita Laeken.

Nilikutana naye mwezi uliopita, huko huko Laeken, kwenye kituo cha tramu. Nilitoka kusafisha zahanati ya meno. Alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la kibandani, fimbo nyeupe katikati ya magoti, koti refu, bila funguo. Alikuwa amekonda shingo. Ningeweza kupita. Asingejua. Nilipita, kwa kweli, hatua kama kumi, kisha nikakohoa kwa sababu ya baridi.

"Mutanzania," alisema.

Nikarudi. Nikakaa. Nilimwamkia, kwa kuwa nimelelewa.

"Mutoto alifika?"

Miaka mitatu nilikuwa nimeandaa hotuba. Iliisha yote mdomoni. Nikamwambia Saumu yuko Tanga, ana miaka ishirini na moja, anasuka nywele za watu kwa dada yangu, na hapigi simu tena mpaka nimpigie mimi. Nilimwambia nilikuwa nimetia sokoni dhamana ya nyumba. Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa amejua ilikuwa dhamana. Niliona jinsi neno lile lilivyomwingia, na nikafurahi.

"Ulisema mwezi ujao," nikamwambia. "Kamau alikuuliza, ukasema mwezi ujao. Hukuwa umeona tarehe yoyote."

"Sikukuwa nimeona."

"Ulisema uongo, Mzee."

"Nilisema bongo." Alishika fimbo kwa mikono miwili. "Kwa kinywa, ndiyo. Lakini kuandika, mukono ulikataa. Safu ya tarehe nikaiacha vile. Nikasema, karatasi itazunguka meza, batu munane beko na macho, mumoja atasema, Papa, hapa hapana kintu. Angesema vile, ningekubali. Minakuapia, ningekubali. Nilikuwa ninangojea."

Hapo hasira yangu yote ikapanda, nikaona nimempata. "Usinidanganye tena! Safu ilikuwa wazi, tupu kabisa, najua. Sikuhitaji kuambiwa. Niliiona kwa macho yangu."

"Uliiona."

"Niliiona."

"Lini? Kwa ile foto, nyuma ya byote kuharibika?"

Ningesema ndiyo, yangekwisha. Tulikuwa wawili tu pale, na mmoja haoni.

"Jumapili ile," nikasema. "Karatasi ilipofika mkononi mwangu."

Gari la taka lilipita, likasimama, likapita. Nilikuwa nimeiona safu tupu Jumapili ile, kweli, kama ninavyoiona sasa: miraba myeupe, hakuna hata nukta. Na nilifikiri: nikiuliza, atasema tungoje wiki ijayo. Mimi sikuwa na wiki ijayo. Nikampa Maman Aziza karatasi upesi, kabla jirani hajachungulia. Jambo hili sijawahi kulisema kwa mtu, wala kwa Saumu, wala katika sala.

"Donc tulikuwa babili," alisema Mlinzi. Hakulisema kwa kunishinda. Alilisema kama mtu anayejumlisha. Ingekuwa afadhali angenishinda.

Reli zikaanza kulia. Akainua uso, akageuza sikio upande ule. "Miye ninangojea nonante-trois," alisema. "Njo hii?"

Nilitazama. Namba ilikuwa kubwa, yenye taa, kila mtu angeweza kuisoma toka ng'ambo ya barabara. Tisini na tatu.

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Hiyo ni soixante-deux, sitini na mbili."

Akatikisa kichwa, akarudi kuegemea. Milango ilifunguka mbele yetu, ikakaa wazi, ikafungwa. Tukabaki pale benchini, yeye na mimi, tukingoja inayofuata.